Baridi Hutiririka: Hotuba kwa Wakulima wa Bustani za Mabondeni

Hotuba hii ilitolewa kwa wakulima wa bustani wa mabonde ya Njombe na Makete, masika yakielekea ukingoni. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokwamishwa na mvua na utelezi.

Kamwene, ndugu zangu!

Mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, asanteni kwa kuja na tope hili lote. Mvua inaaga. Wiki chache zijazo anga litatakata, asubuhi zitakuwa na ukungu, na kipupwe kitaingia. Juni itafika, na Julai nyuma yake. Na kila mwaka Julai hiyo hiyo tunasikia kilio kile kile: viazi vimeungua, maharage yameungua, majani yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Nawauliza: je, bustani hiyo iliharibika Julai? Hapana. Julai ni siku ya kulipa. Deni lilikopwa Aprili na Mei, mtu alipoamua apande nini, wapi, na lini. Ndiyo maana tumekutana leo, tope bado liko miguuni.

Nianze na mahali.

Wengi wetu tunasema baridi inaanguka. Tunasema hivyo kwa sababu tunaamka tukaikuta chini, imeshatanda. Lakini baridi ya kipupwe hutiririka. Usiku usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lake kwenda angani. Hewa inayogusa ardhi hiyo inapoa, inakuwa nzito, na kitu kizito kwenye mlima kinakwenda wapi? Kinashuka. Kinapita kwenye vijito vile vile vinavyopitisha maji, kinapita kwenye njia ya ng'ombe, kinafika bondeni na kutuama. Bonde linajaa baridi kama bakuli linavyojaa uji. Kufikia alfajiri, katikati ya mteremko kunaweza kuwa na joto zaidi ya bondeni kwa nyuzi 4 au 5, na umbali wa kutembea ni dakika chache tu.

Chukueni bustani mbili zilizopakana kwenye mteremko mmoja. Wa kwanza amepanda ua wa misaiprasi upande wa chini, umeshonana kweli kweli, kuzuia mbuzi. Wa pili ana uzio wa fito tu, unapitisha upepo. Siku ya jalidi, ile baridi ya kugandisha, au sakitu kama wengine mnavyoiita, wa kwanza anaungua mistari 6 ya chini na wa pili hapotezi kitu. Jirani watasema ni bahati. Bahati ipi? Ule ua umekuwa bwawa. Hewa baridi imeshuka, imekuta ukuta, ikapanda juu ya mistari ya viazi. Kama una ua wa namna hiyo, fungua mlango upande wa chini kabisa, upana wa hatua 3 au 4, na ukate matawi ya chini hadi usawa wa goti. Mbuzi mzuie kwa fito. Ua mnene peleka upande wa juu wa bustani, hapo ndipo unapogeuza baridi ikapita pembeni, kama mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Na jua je? Huku kwetu, kusini mwa Ikweta, jua la Juni liko upande wa kaskazini. Kivuli cha mchana kinalala kusini. Kwa hiyo mteremko unaotazama kaskazini ndio unaoota jua la kipupwe, na ule unaotazama kusini unabaki na umande hadi saa nne asubuhi. Nasema hivi kwa sababu vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya, na huko wanashauri ukuta unaotazama kusini. Ukifuata ushauri huo hapa utapanda nyanya kivulini.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa watu wanaolima juu kuliko sisi.

Kando ya Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, watu wanalima zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Huko jalidi inaweza kupiga hata katikati ya msimu wa kilimo. Wazee wa zamani sana, kabla hata ya dola ya Inka, walichimba mifereji mipana kwenye tambarare, wakarundika udongo wake pembeni kuwa matuta makubwa, na maji yakabaki yamesimama katikati. Peru wanayaita waru waru. Baadaye yaliachwa, yakabaki mabaka tu kwenye nyasi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa mambo ya kale pamoja na wanakijiji waliyachimba upya wakapanda viazi. Walichoona ni hiki: maji ya mifereji yalikunywa joto la jua mchana kutwa, na usiku yakalirudisha polepole kwenye hewa iliyozunguka matuta. Mimea ya pale ilistahimili usiku ulioumiza mashamba ya jirani.

Ndugu zangu, matuta yaliyozungukwa na mifereji bondeni, yanayolimwa wakati mvua zimekatika, mnayajua au hamyajui? Ni vinyungu! Babu zetu wa Kibena na Kihehe walivichimba kwa jembe la mkono, na sisi tunaviona kama kilimo cha kubahatisha tu. Kinyungu kilichochimbwa vizuri ni kinga ya baridi. Kilichochimbwa vibaya ni beseni la kuozesha mizizi.

Kipi ni kizuri? Tuta lenye upana wa mita 1 hadi 1 na robo, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Mfereji wenye upana wa sentimita 40 hadi 50, na kina ambacho maji yakisimama, uso wake unabaki angalau sentimita 30 chini ya mgongo wa tuta. Ukiuacha mfereji mkavu Juni, umeitupa nusu ya faida. Weka kizuizi kidogo cha udongo mwishoni mwa mfereji, maji yabaki kimo cha kiganja. Mvua ya kushtukiza ikinyesha, kibomoe yatoke.

Udongo wenyewe pia ni akiba ya joto, na akiba hiyo inategemea maji. Udongo mkavu uliotifuliwa umejaa hewa, hauhifadhi joto na hauruhusu la chini lipande juu. Udongo wenye unyevu uliotulia unahifadhi. Kwa hiyo usipalilie kwa kutifua sana siku ile unayohofia jalidi. Mwagilia siku moja kabla, asubuhi, jua lipate muda wa kuupasha. Na matandazo, ambayo tunayasifu mwaka mzima? Matandazo yanafunika joto ardhini, mche ulioko juu yake unabaki peke yake na baridi. Kwa miche laini, yasogeze pembeni jioni. Kwenye vitunguu saumu yaache, hivyo havijali.

Neno moja kuhusu maji, na naomba tusilizunguke. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Maji ya mabonde haya ya Njombe yanaingia Ruhudji, na Ruhudji unakwenda Kilombero. Mtu anayelima hadi kwenye mdomo wa chemchemi anajikaushia mfereji wake mwenyewe ifikapo Septemba. Pima hatua zako. Kinyungu kikae nje ya mpaka huo, na maji yaongozwe kwa mfereji mdogo.

Haya. Tumeshajua mahali. Lini sasa?

Hapa ndipo pesa inapopotea, na hapa nitakaa kidogo. Kila mmea una umri wake wa kukutana na baridi. Kuna mmea unaotaka baridi ikiwa bado mdogo, kuna unaoistahimili ukiwa mkubwa, na kuna usioitaka kabisa. Maharage, nyanya, maboga na mahindi hufa nyuzi 0 au chini yake kidogo. Hayo mabondeni subiri Septemba. Kiazi mviringo majani yake hufa karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, lakini kiazi chenyewe kilichofunikwa udongo kinabaki hai. Kabichi, sukuma wiki na karoti hustahimili zaidi ya hapo, tena karoti ikipigwa baridi huongeza sukari, ndiyo maana karoti ya Agosti ni tamu kuliko ya Februari. Njegere ni za kuangalia sana: majani yake ni magumu, lakini ua na ganda changa vinakufa kwa jalidi ndogo tu. Zipande mwanzoni mwa Juni, zitoe maua baada ya katikati ya Agosti.

Viazi vya vinyungu watu wanakimbilia kupanda mapema ili wauze mapema. Lakini ukipanda Mei mwishoni, unaweka majani mapya juu ya ardhi katikati ya Juni, yaani unayapeleka kwenye jalidi kwa mkono wako. Panda katikati ya Julai. Kwa baridi ya udongo wetu machipukizi yatachukua wiki 3 hadi 4, yatatokeza Agosti. Na ikitokea jalidi ya kuchelewa wakati machipukizi ni marefu sentimita 10, yafunike kwa udongo jioni, yote, yapotee kabisa. Yatatoka tena. Yakiungua kabla hujawahi, usiyang'oe! Ngoja siku 10, mbegu itachipua upya kutoka chini. Wangapi wameng'oa shamba zima siku ya pili, wakapanda upya kwa mbegu ya kununua, na kumbe chini kulikuwa kuzima?

Vitunguu saumu sasa. Hili ndilo zao la wiki hizi. Si la Julai, ni la wiki hizi. Kitunguu saumu kinahitaji wiki kadhaa za baridi kikiwa kichanga ndipo kijigawe kuwa punje. Ukipanda umechelewa, baridi ikakukwepa, utavuna kidonge kimoja cha mviringo kisicho na punje, halafu useme umeuziwa mbegu mbaya.

Tuta la mita 1 kwa mita 10. Tandaza samadi iliyooza madebe 2 hadi 3, iliyooza kweli, ukiishika haina joto wala harufu ya zizi. Chimba uchanganye hadi sentimita 20. Chora mistari 5, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Chukua vichwa vikubwa visivyo na ukungu, vivunje siku hiyo hiyo ya kupanda, maana punje iliyokaa wazi inakauka kitako. Chagua punje kubwa za nje, zile nyembamba za katikati peleka jikoni. Usiimenye. Kitako chini, ncha juu, sentimita 10 kati ya punje na punje, ifunikwe na udongo wa sentimita 3 hadi 5. Tuta hilo linakula punje 500, kama kilo 2 za mbegu.

Kitako chini, narudia. Punje iliyopandwa kichwa chini huota, lakini shina hujipinda kutafuta njia, na kichwa utakachovuna kitakuwa kimekunjamana.

Baada ya mwezi, palilia kwa mkono uweke mbolea ya CAN gramu 100 kwa tuta zima, mbali na shina. Rudia mwezi unaofuata. Kisha acha kabisa. Mbolea ya kukuzia ikiendelea baada ya kichwa kuanza kujaa, utapata majani mazuri na vichwa vinavyopasuka. Mwagilia kila siku 5 hadi 7. Theluthi ya majani ya chini ikikauka, sitisha maji wiki 2, kisha ng'oa. Iwe Septemba au Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Anika kivulini wiki 2 hadi 3 pamoja na majani yake.

Kinyume chake ni kitunguu maji. Huyu ukimpeleka kwenye baridi akiwa mkubwa, anadhani mwaka umeisha, anatoa mlingoti wa maua, na kichwa kinakuwa kigumu katikati. Kwa hiyo unapohamisha miche Mei, chagua iliyo myembamba kuliko penseli. Inatuuma kuacha miche minene, tunaona ndiyo yenye afya. Ile minene ipike mboga.

Nihamie kwenye kitu kisichoonekana kwa macho. Katika miaka ya 1870, wakulima wa mboga wa jiji la Saint Petersburg, Urusi, walikuwa wanapoteza kabichi kwa wingi wa kutisha. Mimea ilisinyaa mchana, ikifufuka jioni, ikisinyaa tena. Ukiing'oa, mizizi imevimba kama vidole vya mgonjwa wa jongo. Watu walilaumu mbegu, mbolea, hata hali ya hewa. Mtaalamu mmoja, Mikhail Woronin, alikaa na mizizi hiyo chini ya hadubini miaka kadhaa, na mwaka 1878 akatangaza kwamba ni kiumbe hai kidogo sana kinachoishi udongoni na kuingia kwenye mizizi.

Kwa nini nawasimulia habari za Urusi? Kwa sababu kiumbe huyo anapenda udongo wenye asidi na maji mengi, na mabonde yetu yana vyote viwili. Akishaingia anaweza kukaa udongoni hata zaidi ya miaka 10. Husafiri kwenye jembe, kwenye buti, kwenye miche ya kununua yenye udongo mizizini. Kabla hujanunua miche ya kabichi, osha mizizi ya mche mmoja uiangalie. Ukiona hata kivimbe cha ukubwa wa punje ya mtama, usichukue hata mmoja. Punguza asidi kwa chokaa ya kilimo, kilo 2 hadi 3 kwa tuta la mita 10 za mraba, ichanganywe sentimita 15 chini mwezi mzima kabla ya kupanda. Chokaa inayomwagwa siku ya kupanda haijafanya kazi yoyote. Na tuta la viazi usilitie chokaa wala jivu jingi, viazi vitatoka na upele.

Tena, kubadilisha kabichi kwa sukuma wiki si kubadilisha zao. Kabichi, sukuma, chainizi, koliflawa, figili, ni ukoo mmoja. Ukoo huo ukitoka kwenye tuta, usirudi kwa misimu 3 au 4.

Wenye matofaa nawagusa kwa haraka. Kupogoa na kupukutisha majani kwa mkono, ambako miti yetu inahitaji kwa kuwa haipukutishi yenyewe vya kutosha, kufanyeni mwishoni mwa Julai. Mkipukutisha mwanzoni mwa Juni, maua yatafunguka katikati ya jalidi.

Na sasa usiku wenyewe. Utajuaje kwamba leo ndiyo siku?

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai 1975, baridi iliingia jimbo la Paraná, Brazili, na kuua mibuni kwa mamilioni. Wenyewe waliiita jalidi nyeusi. Nyeusi kwa sababu hewa ilikuwa kavu, hakukuwa na ule weupe juu ya majani, mti uliganda ndani kwa ndani na asubuhi ukawa mweusi. Wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki wanaukumbuka usiku huo bila kujua: ndio uliopandisha bei ya kahawa duniani hadi ile ya mwaka 1977, na ndio uliochochea magendo ya kahawa ya Uganda kupitia Chepkube, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Kwa hiyo msisubiri kuona weupe. Weupe ni unyevu wa hewa ulioganda juu ya majani, na pasipo unyevu huo baridi inaua kimya. Angalieni mambo matatu saa kumi na moja jioni: anga halina wingu, upepo umekufa, hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Yakikutana yote matatu, shika kipimajoto. Mamlaka ya Hali ya Hewa hupima joto ndani ya kisanduku kilichoinuliwa juu, karibu na kifua cha mtu. Mche wako uko sentimita 5 kutoka ardhini, na usiku uliotulia huko chini kunaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 3 hadi 5. Redio ikisema nyuzi 4, kwenye tuta lako inaweza kuwa sifuri.

Kufunika ni kazi ya jioni, ardhi ikiwa bado na joto la kutunza. Pasua mianzi, ile ya ulanzi iliyozeeka, vipande vya mita 2. Chomeka kila upande sentimita 20, utapata tao la kimo cha sentimita 50 juu ya tuta la mita 1. Weka tao kila mita 1. Juu yake tandika viroba vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja, vifike hadi chini, vibanwe kwa udongo. Kifuniko kinachoishia hewani hakisaidii, joto linatoka kwa chini. Ukitumia nailoni, isiguse jani, panapogusa pataungua. Saa tatu asubuhi fungua, la sivyo jua litapika kilichosalimika usiku.

Na ule moto wa nyasi mbichi? Naomba tuuache. Moshi hauzuii joto la ardhi kutoroka, joto hilo linaupenya. Na cheche moja Julai inatosha kuteketeza msitu wa misindano wa jirani. Keni moja ya maji alfajiri nayo haitoshi: maji yanaokoa pale tu yanapoanza kabla ya kuganda na kuendelea bila kukatika hadi barafu iyeyuke. Ukimwaga mara moja ukaenda kulala, umeongeza baridi.

Vipimajoto viwili viko pale mezani. Kimoja kifungwe kwenye mti usawa wa kifua, kingine kwenye kijiti sentimita 5 juu ya tuta, vyote visipigwe na jua. Andikeni namba zote mbili saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kuanzia tarehe 15 Mei. Punje za vitunguu saumu ziko kwenye ndoo mlangoni. Mvua imepungua, twendeni kwenye lile tuta la nje tupande mstari wa kwanza pamoja, na kila mmoja anionyeshe kitako kiko wapi kabla hajafukia.